Alama Nyekundu Chini ya Kiti

Bagara, Babati
Jumapili mchana

Mwanangu Anjela,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Sisemi kuchelewa kwa siku mbili tatu. Barua hii nilitakiwa kuiandika miaka saba iliyopita, ukiwa darasa la sita. Kila mwaka nilisema akikua kidogo nitamwambia. Na wewe ukakua, ukaendelea kukua, sasa umenipita kichwa na kesho saa kumi na mbili asubuhi unapanda basi la Singida. Nimebakiwa na mchana huu mmoja.

Umeenda Sigino kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mapema. Tumaini amelala juu ya vitambaa vya viti, vile vyeupe nilivyopiga pasi asubuhi, na sina nguvu ya kumhamisha. Nimekaa huku nyuma ya stoo. Macho yananiuma kwa usingizi maana mdogo wako anaota meno, lakini moyo wangu leo ni mwepesi, na sababu utaiona ukifika mwisho. Kwa mdomo nisingeweza. Ungenikatiza kwa maswali, mimi ningegeuza utani, tungeishia kucheka na neno lingebaki palepale.

Isome ukishapita Katesh. Usiisome stendi.

Habari za kula kwa wakati, kuficha simu na kutofua jinzi pamoja na mashuka meupe, hizo nazipita. Nimezisema mpaka Tumaini anazijua, na yeye hata kuongea bado. Nataka nikuambie habari ya mkono wa Mama Yustina.

Ukifika kwake utauona. Mkono wa kushoto, kwenye kiungo cha kiganja, umekaa upande kidogo, kama mlango ambao bawaba moja imelegea. Tangu ahamie Singida hujamwona, na kabla ya hapo ulikuwa mdogo, mambo hayo hukuyaangalia. Sasa utalala nyumba moja naye miaka miwili. Utauona kila asubuhi akikumiminia chai, na ataufanyia utani kama kawaida yake, atakuambia ni uzito wake uliomvunja. Mwanangu, si uzito. Ni mimi.

Kipaimara kile cha Nakwa unakikumbuka. Ndiyo kwanza nilikuwa na miaka miwili kwenye kazi ya kukodisha turubai na viti, na viti vyenyewe vilikuwa vya plastiki, nusu yake nilivinunua vikiwa vimetumika. Unajua kiti cha plastiki kikipasuka tunafanyaje. Unachoma tundu kwa waya wa moto huku na huku, unapitisha uzi wa nailoni, unakaza, kiti kinakuwa na kovu kama mtu aliyetoka operesheni. Kinakaliwa. Lakini mwenye kiti anajua hakikaliwi na kila mtu. Kwa hiyo mimi nilikuwa na utaratibu wangu, tena niliona ni akili nyingi. Kila kiti kilichoshonwa nilikipaka alama nyekundu. Nikaipaka chini, mahali pa kukalia lakini kwa chini, isiharibu sura ya shughuli. Wakati wa kukabidhi nilimwambia mwenyekiti wa kamati, Baba Godi, nikamgeuzia kiti kimoja akaona: "Vyenye alama hii vipeleke jikoni, wapishi waweke masufuria juu yake. Wageni wasivikalie."

Akasema, "Nimeelewa, Mama Anjela." Tukaandikishana, akasaini, nikasaini. Nikajiona mfanyabiashara.

Wageni wa kadi walikuja, wakaja na wale wa harufu ya pilau. Viti vikapungua. Vijana wa kamati wakaenda jikoni, wakashusha masufuria, wakaleta viti mbele. Alama iko chini. Nani anageuza kiti kwanza ndipo akae?

Mama Yustina alikuwa ametoka kucheza kwenye zawadi, na unajua anavyocheza, mpaka MC alinyamaza kumpisha. Akarudi na sahani yake, akakaa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikihesabu vijiko. Niliusikia ule uzi ukikatika kabla sijamwona yeye. Akaenda chini na sahani. Pilau lilimfunika. Na wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe. Alikaa pale chini akasema, "Jamani, kiti kimenikataa. Nioneni, nimevunja samani za watu." Ukumbi mzima ukacheka. Ndipo akataka kuinuka, akaegemea mkono wa kushoto, akarudi chini ameushika.

Wewe jioni ile uliigiza nyumbani jinsi alivyoanguka, ukiwa na sahani ya bati. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa nimeshakigeuza kile kiti. Nilikuwa nimeshaiona alama yangu.

Kwa Mama Yustina mkono haukuwa wa kushikia kikombe tu. Alikuwa fundi cherehani, na wakati ule alikuwa na joho za kwaya za kumaliza kabla ya Krismasi, kitambaa chote kimeshakatwa. Fundi bila mkono wa kushoto anaongozaje kitambaa? Wiki ikapita, akamtuma shemeji yake kwa kamati. Kamati wakasema viti si vyao, ni vya Mama Anjela. Akaja mwenyewe kwangu, mkono umefungwa kwa kanga shingoni. Hakuja kwa shari. Alisimama pale mlangoni pa stoo, akasema, "Mdogo wangu, nimekuja tuongee, tuone unanisaidiaje na hizi joho."

Na mimi, mama yako, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama Yustina, mimi nimepatana na kamati, na makaratasi ninayo. Waliohamisha viti ni kamati. Wewe hukuwa kwenye makubaliano yetu."

Aliangalia vile viti vimepangwa, akasema, "Sawa," akaondoka.

Sasa kwa nini maneno yale yalininyima usingizi? Si kwa sababu nilikuwa mwema. Ni kwa sababu niliwahi kuyasikia kabla, neno kwa neno, mimi nikiwa upande ule mwingine.

Hii nayo hujawahi kuambiwa yote. Nilipopata mimba yako nilikuwa kidato cha pili, hilo unalijua. Wazee wa upande wa baba yako walikuja kutoka Dareda, wakakaa na Baba Mkubwa pale Sigino, maana babu yako alikuwa ameshafariki. Walikaa toka asubuhi. Wakapatana kwamba upande ule utatoa ng'ombe wa maziwa, mwenye mimba, kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa. Makubaliano mazuri kabisa. Yalituhusu wewe na mimi. Na mimi nilikuwa wapi? Jikoni, napika chai ya kikao. Birika tatu. Niliingia kumimina, nikatoka kinyumenyume na birika. Chai ilikuwa yangu, kikao hakikuwa changu.

Ng'ombe alikuja kweli, mwekundu, mwenye pembe moja iliyoinama. Akafungwa kwa Baba Mkubwa, akazaa, akakamuliwa. Wewe ulikuwa na miezi saba, maziwa yangu yamekauka. Nikakubeba mgongoni nikaenda.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Nimekuja kuulizia maziwa ya mtoto."

Alikuwa anachonga mpini, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Ng'ombe ni makubaliano ya mimi na mzee mwenzangu. Wewe hukuwa kwenye makubaliano yetu. Kama kuna la kuuliza, aje aulize yeye."

Na yeye angeulizaje, yuko Dareda, ameshatoa ng'ombe wake, ameridhika? Waliopatana hawakuwa na shida. Mwenye shida hakupatana na mtu. Nilirudi nyumbani nalia, bibi yako akaniuliza, nikamweleza. Akakunja kanga yake. Akasema, "Kama wewe huwezi kwenda kikaoni, kikombe kitakwenda kwa ng'ombe." Kesho yake alfajiri akaenda na kikombe cha bati, akasimama mlangoni mwa zizi wakati Mama Mkubwa anakamua. Hakuomba, hakugombana. Alisimama tu na kikombe, anasalimia kila anayepita: "Hamjambo, nimekuja kwa ajili ya yule mtoto." Siku ya nne majirani walikuwa wameanza kuulizana ni mtoto gani. Siku ya tano kikombe kikajazwa, na kikajazwa mpaka ukaanza kula kama wakubwa. Ndiyo maana una meno ya tangazo la dawa ya meno. Muulize leo, atakuonyesha kikombe chenyewe, bado anacho.

Basi mtu ambaye mtoto wake alilelewa na kikombe kile ndiye aliyesimama mlangoni mwa stoo akamwambia Mama Yustina maneno ya Baba Mkubwa. Wakati nayasema sikuyatambua. Niliyatambua usiku, na nikakaa kitandani.

Hata hivyo sikukimbilia kuomba msamaha, nisikudanganye. Nilikwenda kwanza kutafuta mtu wa kuniambia kwamba sina kosa. Pale ofisi ya kata kulikuwa na mama mmoja anayesaidia watu mambo ya sheria, mama mfupi, miwani kwenye kamba. Nikampa karatasi yangu ya kamati. Akaisoma mbele na nyuma.

"Humu Mama Yustina hayumo," akasema. "Kwa mkataba huu, hawezi kukudai kitu."

Nikachukua mkoba wangu niondoke.

"Kaa, sijamaliza. Una shamba?"

"Dogo tu, la mahindi."

"Ukichimba shimo njiani kwako, jirani akatumbukia, atakuonyesha mkataba kwanza ndipo aumie?"

Nikasema hapana.

"Ndiyo hivyo. Uliyemwahidi, unawajibika kwake kwa sababu ulimwahidi. Lakini yupo na ambaye hukumwahidi chochote, na kazi yako inamfikia. Huyo hana karatasi, ana mwili wake tu. Ulipopeleka viti ulijua vitafanywa nini?"

"Vitakaliwa."

"Na nani?"

"Na yeyote."

"Basi huyo yeyote ana jina, anaitwa Mama Yustina." Akavua miwani. "Kamati nao wana sehemu yao kama walihamisha, mtagawana. Sasa niambie ukweli. Kiti kilikuwa kizima?"

Anjela, hapo ndipo nilipokosea kuliko mahali pote. Nilimwangalia yule mama machoni nikasema, "Kilikuwa kizima. Ni uzito tu."

Akanishauri niende nikamwone mgonjwa, nimsaidie kazi, tuyamalize kijirani. Nilikwenda. Hilo nalisema kwa furaha kabisa, maana wiki zile ndizo zilizonifundisha kazi. Kamati walilipia hospitali, mimi nikawa mkono wake wa kushoto. Kila mchana, wewe ukiwa shule, nilikaa pembeni ya cherehani nikaongoza kitambaa, yeye anakanyaga pedeli na kunitukana kwa upole. "Nyoosha, Mama Anjela. Joho hili litavaliwa na msimamizi wa kwaya, si na ng'ombe." Tulimaliza siku mbili kabla ya Krismasi. Vitambaa vya viti ninavyokodisha leo, vile vyenye mikunjo ambavyo watu wananipendea, ni yeye aliyenifundisha, kwa mkono mmoja. Tangu hapo amekuwa kama dada. Ndiyo maana aliposikia umepata chuo cha ufundi Singida hakuuliza mara mbili. Alisema, "Fundi wa kuchomelea alale kwangu, geti langu linalia miaka mitatu."

Lakini neno la alama nyekundu sikumwambia. Siku zote zile nimekaa naye goti kwa goti, akisema, "Huu mwili wangu utaniua, unavunja viti," na mimi nacheka. Na tangu kipaimara kile Mama Yustina hajakalia kiti cha mtu kwenye shughuli. Anatembea na kigoda chake cha miguu mitatu ndani ya mfuko wa kitenge. Watu wameshazoea, imekuwa kichekesho: Mama Yustina amefika na kigoda, harusi inaweza kuanza. Yeye mwenyewe anacheka kuliko wote. Ila mimi nimemwona akifika ukumbini, anavyoangalia kwanza kama kuna kona, anavyotoa kile kigoda haraka kabla mtu hajamletea kiti. Miaka saba anaomba radhi kwa mwili wake kwa kosa la uzi wangu.

Nilikuwa tayari nikutume na siri hii ukalale nayo kwake bila kuijua. Juzi nikiwa nakunja nguo zako ndiyo nikaona. Tungekuwa mimi na dhamiri yangu tumepatana kunyamaza, na wewe, ambaye hukuwepo, ndiye ungeyaishi. Hata chai ya kikao hicho hukuipika. Kwa hiyo jana uliponikuta nakata viti kwa msumeno ukaniuliza kama ni uchovu, haukuwa uchovu. Ni vile vyote vilivyoshonwa. Nimemaliza hata kile cha bluu ulichokuwa unasomea.

Na leo asubuhi, baada ya kanisa, nikampigia.

"Shikamoo, Mama Yustina."

"Marahaba, mdogo wangu. Mtoto ameshafunga mizigo?"

"Ameshafunga. Nina neno." Nikamwambia lote, moja kwa moja, kuanzia waya wa moto mpaka ofisi ya kata. Sikuweka "lakini" hata moja, ingawa zilikuwa zinakuja zenyewe.

Nikaangalia simu kama imekatika. Kisha akasema, taratibu, "Miaka saba nimebeba kigoda, Mama Anjela."

"Najua."

"Niliacha kula ugali usiku. Unajua napenda ugali."

"Najua."

Nikasikia anavuta pumzi, nikafikiri analia, kumbe kicheko kinapanda. "Kwa hiyo sikuwa mzito?"

Sikutaka kuanza na uongo mwingine. Nikasema, "Ulikuwa mzito, dada. Ila kiti kilikuwa kibovu."

Alicheka mpaka akakohoa, nikacheka na mimi nikilia, Tumaini akatuangalia mimi na simu. Lakini hakusema yamekwisha. Alipotulia alisema, "Nimekukasirikia, ujue. Nitakukasirikia kidogo, halafu tutaona. Mtoto mlete. Yeye hakuwepo." Nikamwuliza habari ya kigoda. Akasema, "Kigoda tuachie mimi na makalio yangu, tutashauriana."

Basi ndiyo hayo. Ukifika usijifanye hujui, na usimwombee mama yako msamaha, hiyo kazi ni yangu. Msalimie, osha vyombo, mrekebishie geti.

Na ukishajua kuchomelea vizuri, utapatana bei na mwenye nyumba umtengenezee geti, mtashikana mikono. Sawa. Ila geti litakuja kusukumwa na mtoto wa jirani anayefuata mpira, ambaye hajawahi kukusikia. Ukiwa unakaza boliti ya mwisho, wakati umechoka na unataka kwenda kula, mfikirie huyo. Kama kuna mahali umeshona tu, alama iweke juu, ionwe na wote. Au kitu hicho usikipeleke kabisa. Na ukisikia watu wamekaa mahali wanapatana habari yako, ingia, vuta kiti, ukae. Chai watapika wenyewe.

Nasikia sauti yako kule kwa muuza mkaa, unarudi, na bibi yako amekupa kuku, namsikia. Naifunga. Ukishatulia, haraka haina, nitumie kwa basi vitu hivi:

Mipira ya miguu ya viti vya chuma, mia moja, ile minene.

Boliti fupi za namba kumi na nati zake, pakiti mbili.

Spana namba kumi. Yangu Tumaini ameitumbukiza chooni.

Kopo dogo la rangi nyekundu.

Kipande cha kwanza cha chuma utakachounganisha, hata kama kimepinda. Hasa kama kimepinda.

Na kigoda cha Mama Yustina, siku atakapokitoa mwenyewe. Usikiombe.

Mama yako